Kule Alikobaki Wekesa

Nafula wangu,

Umeenda Kimilili kumuaga kukhu, bibi yako, na mimi nimebaki hapa mezani, mvua inapiga mabati. Mama yako yuko chumbani kwako anakunja upya nguo ambazo ulishazikunja. Utarudi kabla ya giza. Nataka niwe nimemaliza barua hii kabla sijasikia lango.

Wiki nzima nimekuwa nikifungua mdomo niseme nawe, na kinachotoka ni pasipoti. Pasipoti umeweka wapi? Sweta umebeba? Kule unakokwenda hakuna baridi, najua, nimefika, na bado nimekuuliza habari ya sweta mpaka nikajichoka mwenyewe. Nawe unajibu tu, "Ndiyo, Baba." Basi ya sweta na dawa tuyaache. Mama yako amekwisha kuyasema, na wewe ni nesi, unayajua kutuzidi sote. Mimi nataka tuongee juu ya kaka yako. Hatujawahi, mimi na wewe. Tumekuwa tukimzunguka kama watu wanaozunguka shimo uani, kila mtu anajua liko wapi, hakuna anayelitaja.

Wekesa alipotuambia misheni imemchukua kwenda kujitolea mwaka mmoja kijijini Kambodia, alikuwa ametoka tu chuo cha ualimu. Mimi nilikuwa nimestaafu, nimebaki na shamba na ng'ombe wawili na sauti ya kufundishia isiyo na darasa. Nikaipata kazi. Jumapili ile nilisimama kanisani nikashika kipaza sauti nikasema Mungu ameniomba mtoto na mimi nimempa. Watu wakapiga makofi. Wewe ulikuwa kwaya, uliniona. Nilinenepa siku ile, Nafula. Kwa majuma mengi, nikiingia Kitale kununua mbolea, mtu ananiita "Baba Mmisionari" na mimi naitika. Nilijifananisha na Ibrahimu. Sikufikiri kwamba Ibrahimu alirudi kutoka mlimani akiwa na kijana wake.

Kama miezi mitano ikapita, akapiga simu jioni.

"Baba, nataka kurudi nyumbani."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeshindwa tu."

Akaniambia mambo ambayo kwenye ripoti za kanisa hayakuwepo. Kwamba akisimama njiani na Biblia, watu wanampita kwa adabu, wameinamisha vichwa, kama unavyompita mtu mwenye kichaa usitake kumuudhi. Kwamba watoto wanamvuta nywele na wakubwa wanacheka akifungua mdomo kusema lugha yao. Kwamba Jumapili kanisani wanakuwa watu wanne: yeye, pasta wa pale aitwaye Sokha, mke wa pasta, na mzee mmoja kiziwi. Kwamba anakula peke yake. Kwamba siku nyingine inaanza na kuisha bila mtu kutamka jina lake.

Nami nikamjibu. "Wekesa, wewe uliingia jandoni ukasimama bila kupepesa jicho. Aliyesimama pale hageukii njiani. Na watu wa kanisa nitawaambia nini?"

Kisha akasema, "Sawa, Baba."

Wewe ulikuwepo. Ulikuwa unaleta ugali, ukasimama mlangoni na sinia mkononi, ukanitazama. Hukusema neno siku ile. Hukusema hata baadaye, ulipokuwa na haki ya kupiga kelele mpaka majirani waje. Ningependa ungepiga kelele.

Tulikuwa tunavuna mahindi simu ya Sokha ilipokuja. Alisema Kiingereza cha polepole, kama mtu anayevuka daraja bovu. Mwanangu amefariki alfajiri. Homa inayoletwa na mbu, lakini si malaria, siku chache tu. Mto umefurika, barabara haipo tena. Halafu akasema jambo lililobaki, na nilimsikia akijikaza. "Baba, joto hapa ni kali na hatuna barafu. Ardhi yote ni maji, tukichimba kaburi linajaa. Watu wa huku huchoma maiti zao. Unatuambia tufanye nini?"

Nilikuwa nimesimama katikati ya mabua yaliyokatwa. Mama yako alikuwa upande wa pili wa shamba, anaimba. Sikumwita kwanza. Nikasema, "Mfanyieni kama mnavyomfanyia mtoto wenu."

Yaliyofuata unayajua. Ami yako Barasa alisimama katika boma la Kimilili mbele ya wazee akanipigia kelele: "Ati umewaambia wamchome? Mtoto wetu? Kama magugu?" Wakakata mgomba, wakauzika mahali pa Wekesa, na mama yako akautupia udongo, na mimi mkono wangu ulikataa kuinuka. Na unajua pia kwamba mwaka ulipogeuka nilikwenda kule, na niliporudi nilisema tu nimefika na nimeona. Mama yako aliniuliza, "Majivu yako wapi?" Nikasema, "Nimeyaacha." Akaingia jikoni. Hajaniuliza tena mpaka leo, na mimi sijamwambia.

Sasa unakwenda kijiji kilekile, kwa pasta yuleyule. Lazima ujue utakuta nini.

Utakuta nyumba za mbao zimesimama juu ya nguzo, na chini yake ng'ombe, kuku, baiskeli, na mitungi mikubwa ya maji ya mvua. Mpunga umezunguka kila kitu. Mimi nilifika wakati wa kiangazi chao, hakuna dalili kwamba mahali pale palikuwa ziwa. Sokha alinipeleka kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa amempangisha Wekesa chumba. Wote wanamwita Yei, ni kama sisi tunavyosema kukhu. Mfupi, amenyoa kichwa kama wazee wanawake wa kule, meno meusi kwa kutafuna tambuu. Nilipopanda ngazi alinishika uso kwa mikono miwili akaugeuza huku na huku, akasema, "Kesa." Ndivyo alivyoweza kulitamka. Alikuwa anamtafuta katika uso wangu.

Tuliketi mkekani, Yei akawa anasema na Sokha anatafsiri. Alianza kwa ile simu. Hakujua ni simu ya nani, alijua tu kijana aliongea kwa simu jioni moja, kisha akalala akaangalia ukuta siku mbili bila kula. Siku ya tatu Yei akapanda akamwambia miche ya mpunga haimngoji mtu mwenye huzuni, ainuke. Akamvuta mpaka majarubani. Wekesa alipanda mpunga mstari ukaenda umepinda kama njia ya ng'ombe. Wanawake wote wakacheka, na yeye akatazama mstari wake akacheka. Yei alisema hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyosikia kicheko chake. Alikiiga, Nafula. Kicheko cha Wekesa, kile cha kukwama puani. Kikatoka kwenye mdomo wa bibi nisiyemjua, upande wa pili wa dunia, na mimi nikatazama chini.

Baada ya hapo hakula tena peke yake. Aliacha kusimama njiani na Biblia. Alifundisha watoto hesabu chini ya nyumba, kwa nyimbo, alibeba maji, alisukuma baiskeli za watu zilizokwama kwenye tope. Jioni aliomba kwa sauti, kwa Kibukusu, na Yei alikuwa anakaa karibu anasuka mkeka. Yei si Mkristo. Kila alfajiri anawapelekea watawa wali kwenye hekalu lao, na hakuacha kwa ajili ya Wekesa. Alisema alikaa tu kwa sababu sauti ilikuwa nzuri. Sokha aliinamisha kichwa akaniambia kwa aibu kwamba wakati wote ule hakuna mtu hata mmoja aliyeokoka. Na mimi kanisani Kitale nilikuwa nimewaahidi watu kijiji kizima.

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimevuka dunia kutafuta kitu kimoja, nikakiuliza. "Mwulize Yei, mwishoni mwanangu alikuwa ametulia? Alikuwa amefurahi kubaki?"

Nilitaka aseme ndiyo. Hata angenidanganya ningemshukuru.

Yei alichuna nyuzi za mkeka. Kisha akasema maneno mengi mfululizo, na Sokha hakutafsiri.

"Amesema nini?"

"Baba, amechoka, tuendelee kesho."

"Mwambie aseme, nawe uniambie."

Sokha akaniambia akitazama ngazi. "Anasema siku nyingine alifurahi. Lakini kila siku alitaka kurudi nyumbani. Alikuwa amefunga begi lake. Alisema hatakuuliza tena, atakuja tu. Ndipo maji yakaja. Yei akamwambia, subiri maji yapungue, mwanangu, njia ni mbaya. Akasubiri. Homa ikamkuta anasubiri. Walimweka mtumbwini wampeleke kituo cha afya, akafia njiani, na Yei amempakata kichwa. Anasema angemwacha aondoke siku ile, angekuwa hai. Anakuomba msamaha."

Nafula, mimi niliyemwambia asigeuke, nilikuwa naombwa msamaha na mwanamke aliyemwambia asubiri.

Sokha aliniuliza amjibu nini. Nikasema, "Mwambie mtoto aliniomba arudi, mimi nikamkataza." Ilimchukua muda kulipata hilo katika lugha yao. Yei alinitazama. Nilidhani atanitemea mate, na ningeyapokea. Aliinuka, akazunguka mkeka, akaja kuketi ubavuni mwangu, bega kwa bega, kama watu wanaongoja gari moja. Tukalia. Sokha hakuwa na la kutafsiri, akashuka chini akakaa na ng'ombe.

Majivu yalikuwa yamewekwa hekaluni ndani ya mtungi mdogo. Mtawa aliyenikabidhi alikuwa kijana, umri wa wanafunzi wangu wa darasa la nane. Nilikuwa nimebeba begi tupu kwa kazi hiyo. Lakini kabla sijasafiri Barasa alikuwa ameniambia mbele ya wazee, "Hicho kitu hakitapita lango la baba yetu." Nikawa nimesimama na mtoto wangu mikononi, sijui pa kumpeleka.

Nyuma ya kanisa la Sokha, lile la mbao, kuna mahali paliponyanyuka kidogo. Nilichimba mwenyewe. Kwetu baba hachimbi kaburi la mwanawe, najua. Wanaume wa kijiji walitaka kunipokonya jembe, nikakataa, mpaka nguvu zikaniishia nikawaachia. Nilianza wimbo, sauti ikakatika kwenye ubeti wa kwanza. Yei hajui nyimbo zetu, lakini aliushika mlio akaendelea kuvuma peke yake, hadi udongo ukajaa. Kila mwezi ukiandama anakwenda pale. Anapeleka wali, na kama Mkristo sijui niseme nini juu ya huo wali. Sikusema kitu. Sikumwacha Wekesa kwa kutomtaka nyumbani. Nilimwacha kwa sababu nyumbani hapakuwa na lango la kumpokea, na kule alikuwa na mtu wa kumtembelea.

Nimeweka kalamu kwa muda, kwa sababu mama yako ametoka chumbani akasimama nyuma yangu. Hakuomba ruhusa, alisoma tu. Nilisikia pumzi yake mpaka alipofika kwa Yei.

"Alimpakata?" akaniuliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Na anakwenda kaburini?"

"Kila mwezi."

Akavuta kiti akaketi. Muda wote huu, Nafula, mama yako alikuwa akilala akimwona mwanawe ametupwa peke yake kwenye maji ya watu. "Mbona hukuniambia kuna mtu?" akasema. "Baba Wekesa, mbona hukuniambia kuna mtu?"

Nilidhani nikisema habari ya Yei nitalazimika kusema na ile ya begi alilolifunga Wekesa. Nikamnyima faraja yake ili nifiche adhabu yangu. Usije ukafanya hivyo kwa mtu yeyote. Ukiwa na neno la kumpunguzia mtu uchungu, litoe hata kama litakuvua nguo.

Sasa amerudi chumbani, nasikia anapangua begi lako. Ametia kitenge chake kile cha kijani, kipya, ambacho hajawahi kukivaa. Ni cha Yei. Usibishane naye kuhusu uzito.

Na wewe sasa. Sitaki uende. Nimeandika na sitafuta. Jumanne ulipoitafuta pasipoti nyumba nzima, ilikuwa ghalani, ndani ya gunia la mahindi, na mimi ndiye niliyeiweka. Niliirudisha niliposikia unamwuliza mama yako kama labda ni Mungu anakuzuia. Sikutaka kujifanya Mungu mara ya pili kwa mtoto wa pili.

Najua kinachokupeleka. Unasema ni wito, na sikatai, sina ruhusa ya kupima wito wa mtu tena. Lakini nimekuona. Tangu kaka yako afe umesoma kila kitu juu ya homa ile. Wenzako wa zahanati kule Bungoma waliniambia mgonjwa mwenye joto ulikuwa unamrudia mara mbili, mara tatu, hata zamu yako ikiwa imekwisha. Unafikiri ungekuwepo ungeijua mapema. Pengine ungeijua. Lakini Nafula, usiende kule kumtibu Wekesa. Hayumo kati ya wagonjwa. Utamfunua kila mtoto shuka na hatakuwa yeye, na wale utakaowaponya hutawaona kwa sababu utakuwa bado unamtafuta. Wala usiende kummalizia mwaka wake. Kaka yako hana mwaka anaodaiwa, si na Mungu, si na kanisa, si na mimi.

Kula na Yei. Nenda naye majarubani wakucheke. Mimi nilikufundisha kuwa wa kwanza darasani, na hilo kule halitakusaidia. Utakuwa mjinga kuliko mtoto wa miaka mitatu, na ukikubali, watakubeba. Ukiandika ripoti, andika ukweli, hata kama ni watu wanne na mmoja kiziwi. Na ukiwa mpweke niambie kwa neno hilohilo, mpweke. Nikianza kukuhubiria, nikatie simu, umpigie mama yako.

Na siku utakayotaka kurudi, rudi. Iwe ni baada ya mwaka, iwe ni baada ya juma moja. Usinipigie kuniuliza. Nipigie umefika Eldoret, uniambie nije nikungoje. Usingoje njia iwe nzuri, usingoje nafsi yako iwe na sababu. Na watu wa kanisa nitawaambia nini? Nitawaambia mwanangu amerudi.

Siombi unisamehe kwenye barua. Kaka yako alisema "Sawa, Baba" na mimi nikadhani ni utii. Tangu hapo kila ukinijibu "Ndiyo, Baba" nasikia ubaridi mgongoni. Ukisoma hapa, kama una hasira, niletee. Kuna usiku mzima bado. Nitakaa sebuleni. Niite jina lolote.

Mvua imepungua, na pale barabarani nasikia mtu anasalimiana na jirani, nadhani ni wewe.

Kesho asubuhi, kabla hujapanda gari, nitaweka mkono juu ya kichwa chako mbele ya mama yako na wote watakaokuja kukusindikiza. Mkono utatetemeka. Wengine watasema ni Roho Mtakatifu. Wewe usidanganyike. Ni baba yako tu, anaogopa, na hajui namna nyingine ya kukuachilia.